Haikugunduliwa: Mstari Mmoja kwenye Cheti cha Talki

Gunia la kilo 25 la talki, madini laini yaliyosagwa kuwa poda, limefika stoo, limebandikwa karatasi ya maabara. Weupe umepimwa. Unyevu uko chini ya asilimia 0.5. Ukubwa wa chembe umeandikwa hadi desimali. Chini kabisa kuna mstari mmoja: "Asbesto: haikugunduliwa." Mtunza stoo anatia sahihi, gunia linapangwa na wenzake, kazi inaendelea.

Mstari huo umenikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Si kwamba naushuku kuwa ni uongo. Mara nyingi ni kweli tupu. Kinachonisumbua ni yale ambayo mstari huo hausemi: asbesto hiyo, madini ya nyuzi yanayosababisha saratani yakivutwa, ilitafutwa kwa chombo gani, na chombo hicho huanza kuona kuanzia kiasi gani. Karibu kila ubishi kuhusu usalama wa talki, uwe wa karakana ya mpira au wa kopo la poda ya mtoto, mwishowe hurudi kwenye pengo hilo.

Tunauliza "talki ni salama?" kana kwamba talki ni kitu kimoja.

## Kwa nini inateleza

Talki safi ni silikati ya magnesi, Mg₃Si₄O₁₀(OH)₂. Kwa uzito ni takriban asilimia 63 silika, asilimia 32 oksidi ya magnesi, na karibu asilimia 5 maji. Maji hayo si ya kulowanisha. Yamefungwa ndani ya fuwele yenyewe, na hayatoki mpaka joto lipite nyuzi 800 hivi.

Fuwele zake zimejengwa kwa matabaka. Katika kila tabaka, magnesi imebanwa katikati na silika iko juu na chini, na vifungo vya humo ndani ni imara. Lakini kati ya tabaka moja na jingine hakuna chaji ya umeme ya kuyashikamanisha, kuna mvutano hafifu tu. Ukisugua kidogo, yanateleza kama karata mpya. Ndiyo maana talki ni namba 1 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ni 10, na ukucha wa mtu unaikwaruza bila taabu.

Sifa ya pili haizungumzwi sana, nayo ina uzito uleule. Uso bapa wa tabaka hauna pa kushika maji. Gandamiza talki iwe kidonge, dondoshea tone la maji, na tone litabaki limejikunja juu yake. Dondoshea mafuta, yatatandaa. Kingo za tabaka ni kinyume: hapo vifungo vimekatika, na maji yanapata pa kushika. Kadiri unavyosaga, ndivyo kingo zinavyoongezeka. Poda mbili zenye fomula moja zinaweza kutenda tofauti kabisa kwa sababu moja ina vibapa vipana na nyingine ina vipande vifupi vinene.

Wachimbaji hutumia tabia hiyohiyo kusafisha talki iliyochanganyika na magnesiti, madini mengine ya magnesi. Mawe husagwa, hutiwa kwenye maji, hewa hupulizwa kutoka chini. Talki inashika viputo na kupanda navyo, magnesiti inabaki chini.

## Ndani ya bampa la gari

Wengi wanaijua talki kwa kopo la bafuni. Kopo hilo ni sehemu ndogo ya talki inayochimbwa. Kubwa inaishia kwenye plastiki, rangi, karatasi na seramiki.

Chukua bampa au dashibodi. Plastiki yake mara nyingi ni polipropilini iliyotiwa talki asilimia 20 hadi 40 kwa uzito. Vibapa hulala kufuata mtiririko wa plastiki inapoingia kwenye kalibu, vinaifanya iwe ngumu kupinda, isinywee sana inapopoa na isilegee kwenye joto. Tena kila kibapa huwa mbegu ambapo fuwele za plastiki zinaanzia, hivyo kipande kinaganda upesi na mashine inatoa vipande vingi zaidi kwa saa. Unalipa kwa uzito: polipropilini tupu ina densiti ya karibu 0.9, ikiwa na asilimia 20 ya talki inafika 1.04 hivi, na kwa asilimia 40 inapita 1.2.

Shida huanzia kwenye hopa, faneli kubwa ya kulishia mashine. Talki laini sana, ya chembe za mikromita 2 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), imejaa hewa. Inajenga daraja na kugoma kushuka, halafu inaporomoka kwa mpigo mmoja, na mchanganyiko unatoka na asilimia 15 hapa, 25 pale. Ikimiminwa pamoja na punje za plastiki mwanzoni mwa skrubu inayosukuma plastiki ndani ya mashine, hewa yake inakosa pa kutokea. Dawa ni kuiingiza kwa mlango wa pembeni, plastiki ikiwa imekwisha kuyeyuka, na kuacha matundu ya kutolea hewa kabla na baada ya mlango huo. Bila hivyo unapata vidonge vyeupe ambavyo havikutawanyika, na kila kidonge ni mahali ufa utakapoanzia bampa likigongwa.

Kuna kosa jingine, la polepole. Talki hunyonya kemikali zinazotiwa kuikinga plastiki dhidi ya joto na hewa, na chuma kidogo kilichomo ndani yake huchochea plastiki kuoza. Kipande kinatoka kizuri, kinapita majaribio yote ya siku ya kwanza, kisha baada ya miaka kadhaa karibu na injini kinakakamaa na kupasuka. Kwa hiyo watengenezaji huchagua talki yenye chuma kidogo, huongeza kinga, na mara nyingi hutia epoksi kidogo ifunike uso wa talki isinyonye.

Kwingine nitapita haraka. Kwenye karatasi, talki inakamata utomvu wa mti usinate kwenye mashine. Kwenye rangi, vibapa vilivyolala vinarefusha njia ya maji kufika kwenye chuma. Kwenye vidonge vya dawa, asilimia 1 hadi 10 inasaidia unga utiririke na usigande kwenye mashine. Ikizidi, au mchanganyiko ukikorogwa mno, kidonge kinakuwa dhaifu na kuchelewa kuyeyuka, kwa sababu talki inafukuza maji. Kwenye vyakula inaandikwa kwa namba ya kiongezo, E553b. Ikichomwa pamoja na kaolini na alumina kwenye joto la karibu nyuzi 1,400 inazaa kodieriti, seramiki isiyotanuka sana kwa joto, ambayo ndiyo sega la kusafishia moshi ndani ya ekzosi.

## Mwamba iliyotoka

Wasiwasi unaanzia chini ya ardhi.

Talki huzaliwa pale maji ya moto yanapopenya miamba yenye magnesi kwa muda mrefu. Miamba hiyo ni ya aina kuu mbili. Mmoja ni dolomiti, jamaa ya chokaa yenye magnesi, kama ule wa mgodi wa Trimouns juu ya Luzenac, kwenye milima ya Pyrenees nchini Ufaransa. Mwingine ni serpentini, mwamba wa kijani wenye magnesi nyingi, kama katika machimbo ya Vermont nchini Marekani.

Krisotili, yaani asbesto nyeupe, iko katika kundi lilelile la serpentini. Na aina zote mbili za mwamba, joto na mgandamizo vikipita kiwango fulani na kalsiamu ikiwepo, zinaweza kuzaa tremoliti, ambayo ikikua kwa nyuzi ni asbesto pia.

Kwa hiyo mgodi mmoja unaweza kuwa na mshipa safi, na pembeni yake mshipa wenye tremoliti. Kinachokinga ni kazi ya mjiolojia: kuchora ramani ya mishipa, kutoboa na kupima kabla ya kuchimba, kuacha jiwe lenye shaka lilipo. Kinu hakisaidii hapo. Kusaga hakuondoi nyuzi. Kunazikata na kuzisambaza gunia zima.

Na hapo ndipo wataalamu wenyewe wanapovutana. Tremoliti isiyo ya nyuzi ikisagwa hupasuka vipande virefu vyembamba. Chini ya hadubini vinafanana sana na nyuzi. Maabara moja itavihesabu kuwa asbesto, nyingine itavipuuza, na zote mbili zina hoja. Binafsi, kwa kitu kitakachopulizwa karibu na pua ya mtu, nataka vihesabiwe.

## Ilitafutwa kwa chombo gani?

Mwaka 1976 wenye viwanda vya vipodozi nchini Marekani walikubaliana kutumia njia ya upimaji iitwayo J4-1. Sampuli inamulikwa kwa eksirei, na fuwele za kundi la tremoliti, zikiwepo, zinaonekana kama kilele kwenye pembe ya karibu digrii 10.5. Kilele kikionekana, ndipo hadubini ya mwanga inaletwa kuangalia kama ni nyuzi. Kisipoonekana, kazi imeishia hapo.

Kikomo cha njia hiyo ni asilimia 0.5.

Tufanye hesabu. Gramu 1 ya poda yenye asilimia 0.5 ina miligramu 5 za tremoliti. Uzi mmoja wenye urefu wa mikromita 5 na unene wa nusu mikromita, kwa densiti ya 3, una uzito wa takriban pikogramu 3 (pikogramu ni gramu ikigawanywa kwa trilioni). Gawanya: ni zaidi ya nyuzi bilioni 1 katika gramu 1. Poda yenye kiasi cha chini kidogo ya hicho ingepata cheti kilichoandikwa "haikugunduliwa", na aliyekiandika hangekuwa amedanganya.

Na hiyo ni tremoliti. Njia hiyo haikuundwa kuitafuta krisotili kabisa. Kilele kikubwa cha krisotili kwenye eksirei kinaangukia karibu mno na kile cha kloriti, madini ambayo ni mwenzi wa kawaida wa talki, kwa hiyo krisotili kidogo inajificha nyuma yake.

Hadubini ya elektroni inaona mbali zaidi. Inaukamata uzi mmoja mmoja, inaonyesha mpangilio wa fuwele yake na elementi zilizomo. Lakini nayo ina udhaifu wake: kiasi kinachoangaliwa ni kidogo mno, sehemu ya miligramu tu. Ukiangalia kidogo sana na kupata sifuri, sifuri hiyo haina uzito. Tena talki yenyewe ina utepe uliojiviringa ambao mpimaji mwenye haraka anaweza kuuita krisotili.

Mwaka 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kwamba sampuli ya kopo moja la poda ya mtoto ya Johnson & Johnson ilikuwa na krisotili isiyozidi asilimia 0.00002. Kampuni iliita bidhaa za bechi hiyo zirudishwe, na ikayapinga matokeo. Mwaka 2020 iliacha kuuza poda ya mtoto ya talki Marekani na Kanada, na mwaka 2023 ikaacha duniani kote na kuhamia wanga wa mahindi, ikisisitiza kwamba talki yake ilikuwa salama.

Ubishi wao niuache mahakamani. Kilichonishika ni namba: asilimia 0.00002 ni mara 25,000 chini ya kile ambacho J4-1 inaweza kuona.

Basi ukipewa cheti, uliza haya kabla ya kutia sahihi. Njia gani ilitumika, na kikomo chake ni kipi kwa tremoliti na kwa krisotili, kila moja peke yake? Kwenye hadubini ya elektroni, ni miligramu ngapi ziliangaliwa kweli? Sampuli ilitoka kwenye bechi hii, au ni mchanganyiko wa miezi mitatu? Mwamba wa mgodi ni dolomiti au serpentini?

Muuzaji anayeijua bidhaa yake hujibu maswali hayo siku hiyohiyo.

## Inaingilia wapi mwilini

Tuseme talki ni safi kabisa. Bado swali halijaisha, kwa sababu mwili una milango mingi.

Kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, haina makuu. Haipenyi, haiwashi.

Kwenye mapafu ni habari nyingine. Wafanyakazi waliovuta vumbi la talki kwa miaka mingi hupata makovu ya mapafu yanayoitwa talkosisi. Ugonjwa huohuo umeonekana kwa watu wanaosaga vidonge na kujidunga kwenye mshipa: talki ya kwenye kidonge haiyeyuki, inakwama kwenye mishipa midogo ya mapafu.

Kwa mtoto mchanga hatari ni ya ghafla. Kopo likipinduka usoni, poda inayofukuza maji inashuka kwenye njia za hewa, inakausha ute na kuziba vijia vidogo. Kinachowadanganya wazazi ni utulivu wa mwanzo. Mtoto anakohoa, ananyamaza, anaonekana mzima, kisha pumzi inambana saa kadhaa baadaye. Akivuta poda nyingi apelekwe hospitali palepale, hata kama amenyamaza. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri poda isitumike kwa watoto wachanga kabisa, na kanuni za Ulaya zinataka bidhaa za poda za watoto chini ya miaka 3 ziandikwe onyo la kuiweka mbali na pua na mdomo. Sioni sababu ya kubishana nao: nepi inayobadilishwa mapema na ngozi iliyokaushwa vizuri vinatosha.

Halafu kuna ovari, na hapa ndipo nimesitasita zaidi.

Mwaka 1971 watafiti wa Cardiff waliripoti chembe za talki ndani ya uvimbe wa ovari. Mwaka 1982 utafiti wa Marekani ukaonyesha kwamba wanawake wenye saratani ya ovari walitaja matumizi ya poda sehemu za siri mara nyingi zaidi kuliko wasio nayo. Tafiti za namna hiyo zina mtego: mgonjwa anayetafuta sababu ya ugonjwa wake anakumbuka mengi kuliko mtu mwenye afya. Ndiyo maana uchambuzi wa Januari 2020 ulisubiriwa kwa hamu. Uliunganisha wanawake 252,745 waliokuwa wameulizwa kabla ya kuugua, na 2,168 kati yao walipata saratani ya ovari. Waliotumia poda walikuwa na hatari mara 1.08 ya wasiotumia, na makadirio yakianzia 0.99 mpaka 1.17. Yaani huenda ni kitu, huenda si kitu. Kwa wale wenye mfuko wa uzazi na mirija mizima, ambao poda ingeweza kupanda, ilikuwa 1.13.

Mwaka 2024 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililoko Lyon, liliiweka talki kwenye kundi 2A: yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo linaeleza nguvu ya ushahidi, halielezi ukubwa wa hatari. Ushahidi wa wanyama waliuona unatosha, wa binadamu waliuita wenye mipaka, na sababu mojawapo ya mipaka hiyo ni ileile: haikuwezekana kuhakikisha kwamba talki iliyotumiwa na wanawake hao haikuwa na asbesto.

Cheti kilichoandikwa kwa kikomo cha asilimia 0.5 kimewaachia wanasayansi swali ambalo data za zamani haziwezi kulijibu. Kwa matumizi ya sehemu za siri, hukumu yangu haihitaji jibu hilo. Faida ni ndogo mno kubeba shaka ya ukubwa huo.

Kinachoshangaza ni kwamba madaktari hutumia ukali wa talki makusudi. Maji yakijaa mara kwa mara kifuani kwa sababu ya saratani, gramu 4 hadi 5 za talki tasa hutiwa katikati ya utando wa mapafu na utando wa kifua. Inawasha, inaleta uvimbe, na tando hizo mbili zinagandana, maji yakakosa pa kukaa. Hapo ukubwa wa chembe ni uhai au kifo: chembe ndogo sana hupenya kwenye damu na zinaweza kuyafanya mapafu yashindwe kufanya kazi, kwa hiyo hutumika talki iliyochujwa chembe ndogo zikaondolewa. Na uwashaji huohuo ndio uliofanya glavu za upasuaji ziachane na talki, maana iliyodondokea tumboni iliacha vinundu na makovu. Wanga wa mahindi ulichukua nafasi yake, nao ukaleta matatizo yake, mpaka Marekani ikapiga marufuku glavu zenye poda za upasuaji na za kuwapimia wagonjwa kuanzia Januari 2017.

## Ufaransa, 1972

Watoto 36 walikufa Ufaransa mwaka huo baada ya kupakwa poda ya talki iitwayo Morhange. Talki haikuwa na hatia. Kwenye kuchanganya, dawa ya kuua vijidudu, heksaklorofini, iliingia zaidi ya asilimia 6, ikapenya kwenye ngozi za watoto na kuharibu neva. Nautaja mkasa huu kwa sababu anayepima madini peke yake angeipitisha poda ile.

## Dakika 75

Vumbi la talki unaloliona siyo linalokuumiza. Chembe ya mikromita 20 ikianguka kutoka urefu wa pua kwenye hewa tulivu inafika sakafuni kwa chini ya dakika 1. Ya mikromita 5 inachukua dakika 12 hivi. Ya mikromita 2, ambayo inaweza kufika ndani kabisa ya pafu, inachukua kama dakika 75, na kwa kuwa talki ni bapa inaweza kukawia zaidi. Mfanyakazi anayevua barakoa mara wingu linapotoweka amevua mapema mno.

Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza vumbi la talki linaloweza kufika ndani ya mapafu lisizidi miligramu 2 kwa kila mita ya ujazo ya hewa katika siku ya kazi.

Kazi chafu kuliko zote ni kufungua magunia. Fungulia gunia ndani ya kibanda chenye kifyonza hewa, hewa ikivutwa kutoka mbele ya mtu kwenda mbali naye. Kata upande mmoja, limimine taratibu mdomo wa gunia ukiwa ndani ya hopa; ukilidondosha kutoka juu, hewa yote ya gunia inatoka na vumbi. Gunia tupu usilikunje kwa kulibana kifuani, maana pumzi yake ya mwisho inakupiga usoni. Sakafu isifagiwe kavu wala kupulizwa kwa kompresa. Tumia mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana, kwanza, kisha kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kwa sababu maji matupu hayashiki talki, yanaisukuma tu. Na sakafu yenye talki inateleza hata ikiwa kavu, jambo linalovunja watu miguu kabla mapafu hayajapata habari.

Karakana nyingi za mpira zimeanza kubadili: badala ya kunyunyizia talki kavu ili shiti za mpira zisigandane, shiti zinapitishwa kwenye beseni la maji yaliyokorogewa talki, kisha zinakaushwa. Vumbi linapungua sana, ila maji yakituama talki inazama na shiti za mwisho zinatoka bila kitu, kwa hiyo beseni linahitaji kikorogeo kisichosimama.

Wengine wamehamia wanga, wakiamini kwamba kitu cha chakula hakiwezi kudhuru. Talki haiungui. Wanga unaungua, na vumbi lake likitanda kwenye chumba kilichofungwa linaweza kulipuka kwa cheche moja ya swichi. Kabla ya kubadili, mashine na mabomba ya chuma yaunganishwe na waya wa ardhini, vifyonza viwe vya aina iliyothibitishwa kwa vumbi linalolipuka, na vumbi la juu ya mihimili na taa lisafishwe kila wiki, kwa sababu mlipuko mdogo wa kwanza ndio unaoliangusha, na vumbi hilo likishika moto, mlipuko wa pili ndio unaobomoa jengo.